Mafundi na maopereta wa viwandani: tangu sensa (vifaa vya kuhisi hali ya mashine) na kamera za akili mnemba zifike, nini kimebadilika kwako? Tupeane uzoefu

FundiGrisi
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha saruji, mwaka wa 11 sasa. Mwaka juzi tuliletewa sensa za mtetemo, zikanasishwa kwa sumaku kwenye mota na gia boksi za feni kubwa. Programu ilikaa mwezi mzima ikisoma jinsi kila mashine inavyotetema ikiwa nzima, halafu ikaanza kutuletea alamu kwenye simu.

Alamu zenyewe sasa! Lori likipita jirani, alamu. Mtu akigonga nondo, alamu. Tukazima sauti, wote, hata supavaiza. Ikaja kufa beringi ya feni inayovuta moshi wa tanuri. Feni ikisimama, tanuri linasimama, na humo ndani saruji inaiva kwa nyuzi joto kama 1,450. Si jiko la gesi hilo uzime na kuwasha utakavyo. Likipoa vibaya, matofali ya ndani yanapasuka. Siku 4 hatukuzalisha hata mfuko. Tulipofungua rekodi tukakuta ile beringi ilishalalamika siku 9 nyuma. Nilijisikia vibaya sana, maana alamu ilikuwa kwenye simu yangu mimi.

Tulichofanya baadaye: alamu zikapunguzwa, na kila iliyobaki ikapewa mtu wa kuijibu ndani ya shifti yake, akaangalie kwa macho na aandike alichokuta. Wenzangu ninyi mlifanyaje?

MzeeBisibisi
Mimi naweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini sikioni. Miaka 26. Haihitaji bando.

ChaiYaRangi_Kericho
Mzee, shikamoo, lakini sikio lako linalala usiku 😄

Kwetu ni kiwanda cha chai, na shida yetu si beringi, ni vidole. Zile roli za kusaga majani zina meno, zinazunguka kwa kasi tofauti, na majani yakikwama mtu anashawishika kuyasukuma kwa mkono. Tukafungiwa kamera ya kusimamisha mashine ikiona mkono karibu. Siku ya majaribio mtaalamu akaweka mkono wake, mashine ikasimama, makofi. Dada mmoja wa shifti ya usiku akasema, "Jaribu na glavu yangu." Glavu imeshiba utomvu wa majani, kijani kibichi. Tukaijaza majani, tukaifunga kwenye kijiti, tukaisogeza. Mashine ikaendelea kusaga. Kamera iliona jani!

Ilibidi ifundishwe upya kwa picha zetu wenyewe, za mchana na usiku, na za lenzi ikiwa na mvuke. Hata hivyo kizuizi cha chuma na kamba ya dharura hatukuviondoa. Kuna bosi alitaka viondolewe ili kazi iende haraka. Tulikataa.

Dereva_wa_Forklifti
Dar hapa, kiwanda cha vinywaji. Kamera ya nyuma inapiga honi mtu akikatiza. Kwa hilo naishukuru, imeniokoa mara mbili nikirudi kinyumenyume na kreti zimeniziba. Ila picha zikaanza kutumika kukata posho: fulani alisimama dakika 6, fulani alikuwa anaongea. Wiki hiyohiyo kamera tatu zikakutwa na gundi ya karatasi kwenye lenzi. Usiniulize nani.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwakilishi wetu aliipeleka kwenye kikao akauliza tu: hizi picha mlituambia ni za kazi gani? Posho zimeacha kukatwa. Imani bado haijarudi.

Mwana_wa_Sohar
Niko Oman, kiwanda cha chuma. Sensa zetu zilifungwa Januari, zikajifunza mashine kwenye ubaridi. Ilipofika Juni kila mota "mgonjwa", kumbe ni joto la nje tu. Dawa yake ni kuilisha programu joto la hewa pia, ilinganishe. Kama unanunua, uliza sensa zilijifunza msimu gani.

MzeeBisibisi
Hilo nimelipenda. Sasa FundiGrisi, hiyo programu yenu inaweza kuwasha feni yenyewe huku nipo ndani?

FundiGrisi
Shikamoo mzee. Haiwezi. Inashauri tu. Anayeingia ndani anazima kwenye paneli, anaweka kufuli lake na kadi yenye jina, ufunguo anatembea nao mfukoni. Na ukweli ni kwamba mafundi wa rika lako ndio walioifundisha: sisi tulikuwa na michoro ya mtetemo, wao wakasikiliza na kutuambia hii ni grisi imekauka, hii ni boliti ya msingi imelegea.

MzeeBisibisi
Marahaba. Walilipwa kwa hilo?

FundiGrisi
Soda na biskuti, mzee.