Naomba ushauri: mama hataki kuamini kuwa mtoto ni wangu

Habari zenu wakuu. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike mwenye ualbino, nywele rangi ya ndevu za mahindi. Sisi wawili ni weusi tii, na kaka wa mtoto pia. Mama yangu, aliyekuja kumhudumia mzazi, kila nikitoka kazini ananivutia uani: "Kwetu hakuna kitu hicho. Muulize vizuri mkeo."

Daktari alitueleza. Jeni ya rangi unayo nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ya ualbino ni fiche. Ukiwa nayo moja, ile tawala inaifunika, unabaki mweusi na hujui lolote. Kumbe mimi ninayo na mke wangu anayo, hivyo kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kupata fiche zote mbili na kuzaliwa na ualbino. Inaweza kupita vizazi kadhaa kimya.

Nikampangia mama maharage mezani, mekundu na meupe, yawe mfano wa jeni hizo. Akayachambua, akayabandika jikoni. Usiku tukayala.

Nimpeleke kliniki akaelezwe na daktari, au nimwite mjomba, ambaye huwa anamsikiliza? Mke wangu ameshaanza kukunja nguo zake.