Tupeane uzoefu: Kamera ya dijitali imekufanya uiache filamu moja kwa moja?

Mkanda36

Wakuu, salaam. Nina jambo limekaa moyoni tangu wiki iliyopita, nikaona nililete kwa wanaopenda picha kwa dhati.

Nilikuwa napanga kabati nikaikuta kamera yangu ya filamu, ile niliyojifunzia. Niliiweka mwaka 2005, siku niliyonunua dijitali ya kwanza, na sikuigusa tena. Nilipoishika nikaona kihesabio kinasoma 22. Kumbe ndani kuna mkanda! Ni wa picha 36, nyeusi na nyeupe, ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga). Zimepigwa 22, zimebaki 14. Nazikumbuka zile za mwisho: ni binti yangu alipokuwa anajifunza kutembea. Sasa ni mtu mzima, kimo amenipita.

Mwaka ule nilisema filamu imekwisha, na sikuwa peke yangu kusema hivyo. Lakini mkanda huu umekaa humo miaka yote ukiwa na picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona, hata mimi niliyezipiga. Kwenye dijitali sijawahi kuwa na kitu kama hicho. Ukibonyeza, umeshaiona.

Sasa swali: kwa sisi tunaopiga kwa mapenzi, si kwa kutafuta riziki, dijitali imeimaliza filamu? Naomba yaliyokukuta wewe mwenyewe, si uliyoyasoma. Na wenye ujuzi mnisaidie: hizi 14 nizimalizie au niutoe mkanda kama ulivyo?

Chumba_cha_Giza

Mkuu, kwanza usifungue mgongo wa kamera! Ukifungua kabla mkanda haujarudi kwenye kopo lake, umeziunguza.

Mimi nilikuwa mpiga picha za habari. Dijitali ilipoingia hatukuulizwa maoni. Nikon D1 ilitoka 1999 ikiwa na megapikseli 2.7 tu, na kwa ubora filamu nzuri ilikuwa inaiacha mbali. Ilichotushinda nacho ni muda. Mechi ikiisha usiku, mimi nasafisha mkanda, nauning'iniza ukauke, nachagua negativu (picha za kwenye mkanda, mwanga na giza vikiwa vimegeuzwa) kwa kioo cha kukuzia, na wakati huo mwenzangu wa dijitali ameshatuma picha na anakula. Mjadala uliishia hapo.

Ndiyo maana huwa nasema sababu iliyoiondoa filamu kazini haipo nyumbani. Anayepiga kwa mapenzi hana mhariri anayemsubiri. Ukimletea hesabu ya megapikseli unamjibu swali ambalo hakuliuliza. Nilipoacha kazi nilirudisha chumba cha giza, beseni tatu na taa nyekundu. Karatasi nyeupe inazama kwenye dawa, sekunde kadhaa hakuna kitu, halafu vivuli vizito vinaanza kujitokeza, nywele, nyusi, kisha sura nzima. Nimeliona hilo mara elfu na bado huwa nashika pumzi.

NdegeMtini

Kwangu imemaliza, tusidanganyane. Napiga ndege wakiruka, alfajiri, mwanga hafifu. Natumia ISO 6400 na picha 20 kwa sekunde. Mkanda wa 36 ungeisha kabla ndege hajakunja mabawa, na kubadilisha ISO katikati ya mkanda si jambo la kawaida. Niliipenda filamu, nilipiga nayo miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa nina picha nne za mfumamaji anapopenya maji. Mwezi uliopita pekee nimepata zaidi ya hizo. Siwezi kurudi, na sioni kosa kusema hivyo.

LenziMoja

Nimezaliwa simu zikiwa na kamera tayari, kwa hiyo safari yangu imekwenda kinyume na zenu: simu, dijitali, kisha filamu.

Kilichonivuta ni uchovu. Nilitoka matembezi ya siku moja na picha 1,400, nikakaa wiki tatu bila hamu ya kuzifungua. Rafiki akaniazima kamera ya filamu ya 120, ile ya picha za mraba, 12 tu kwa mkanda. Siku ya kwanza nilipiga tano. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa zamani karibu nusu saa nikisubiri kivuli kihame, na nikajikuta natazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazama nilipokuwa na kadi yenye nafasi ya maelfu.

Kamera ile haina betri wala kipimo cha mwanga, ikabidi nijifunze kanuni ya jua: jua likiwa kali, weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na kasi ya shata ilingane na ISO. Kwa ISO 100 ni 1/125 ya sekunde, inatosha. Wingu likipita, fungua lenzi hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Leo nikishika dijitali najua mwanga kabla skrini haijaniambia, na hilo nimelipata kwenye filamu.

Filamu ina machungu yake pia. Nilipiga harusi ya dada yangu kwa filamu ya 35mm, ile ya kawaida, kama nyongeza yangu binafsi. Nilipofika 36 nikaona inaendelea kukubali: 37, 38, 39. Nikaishiwa nguvu miguuni. Mkanda haukushika tangu mwanzo, nilikuwa napiga hewa siku nzima. Tangu hapo kila ninapovuta kuelekea picha ya pili naangalia kile kitasa cha kurudishia mkanda upande wa kushoto. Kisipozunguka, filamu haisogei.

Negativu_Kwenye_Boksi

Mimi hesabu yangu ni ya kuhifadhi. Picha zangu za dijitali za miaka minne, zikiwemo za mwisho za mama yangu, zilikuwa kwenye diski moja. Ikaanza kugonga ndani, tik tik tik, kesho yake haikuwaka. Fundi wa kwanza alishindwa, wa pili alirudisha faili zisizofunguka. Negativu za mama za kabla ya hapo ziko kwenye boksi, naziinua dirishani na yupo.

Wataniambia ni kosa langu kutoweka nakala, na ni kweli. Faili unaweza kuinakili mara mia bila kupungua chochote, negativu huwezi. Na boksi langu jingine liliingia unyevu, kuvu likala gelatini, picha zimebaki madoa. Kwa hiyo siku hizi napiga filamu, nasafisha mwenyewe, kisha nazipiga negativu picha kwa kamera ya dijitali juu ya taa. Jambo moja linahifadhiwa kwa njia mbili zisizokufa kwa ugonjwa mmoja. Sioni kwa nini tulazimike kuchagua upande.

FundiShata

Nimesoma yote. Niongeze la vifaa, maana hapo ndipo mapenzi yanapojaribiwa.

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak, kampuni kubwa ya filamu, na mhandisi Steven Sasson, mwaka 1975. Pikseli 100 kwa 100, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Januari 2012 kampuni hiyo hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika. Kodachrome, filamu iliyoanza 1935, ilisimamishwa 2009, na mwisho wa 2010 maabara ya mwisho iliyokuwa inaisafisha, huko Kansas, ikaacha kupokea mikanda. Hilo ndilo lililonitisha kuliko lolote. Unaweza kuwa na kamera nzima na mkanda mzima kwenye friji, lakini dawa yake ikitoweka duniani huwezi tena kupata rangi zake.

Halafu mambo yakageuka. Ektachrome, filamu nyingine ya rangi ya Kodak iliyokuwa imeondolewa, ilirudi 2018. Mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayopiga nusu fremu, yaani mkanda wa 36 unatoa picha 72. Kampuni haitengenezi kamera mpya kwa ajili ya kitu kilichokufa. Ila kwenye meza yangu naona upande wa pili pia: kamera za zamani zenye elektroniki zinakuja na bodi iliyoungua na sina cha kubadilisha. Za makanika nafungua, nasafisha, naweka sponji mpya za kuzuia mwanga, zinaondoka. Na kuna zilizotengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5, kipimo cha mwanga mara nyingi kinakudanganya.

Mkuu Mkanda36, zimalizie hizo 14. Filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia umri kuliko ya rangi. Kwa kukadiria, ipe hatua moja ya mwanga kwa kila miaka kumi, kwa hiyo ichukulie kama ISO 100. Tumia kanuni ya jua aliyoitaja LenziMoja, 1/125, usishuke kwenye kasi ndogo kwa sababu grisi huganda na gia hizo ndizo hukwama kwanza. Angalia kitasa kizunguke. Ukisafisha tumia dawa ya HC-110, haileti ukungu mwingi kwenye filamu kuukuu. Nusu ya kwanza usiitegemee sana.

Mkanda36

Wakuu, nimerudi na majibu.

Binti alikuja Jumamosi. Nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza picha ya mwisho alikuwa wapi. Nikamwambia pembeni ya kiti cha mbao, ambacho bado tunacho. Akakibeba mwenyewe mpaka nje kwenye jua. f/16, 1/125. Kitasa kikazunguka.

Tumesafisha pamoja, yeye akishika saa. Picha nane za mwanzo zimekufa kabisa, kijivu tupu. Kuanzia ya tisa sura zinaonekana kwa shida, punje kubwa, ukungu kila mahali. Hizi 14 mpya zimetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimeukata mkanda vipande vya sita sita kama kawaida, na 22 na 23 zimeangukia kipande kimoja: mtoto ameshika ukingo wa kiti, mguu mmoja hewani, na ubavuni mwake mwanamke amesimama na mkono pale pale.

Kipande hicho amekiomba.

Chumba_cha_Giza

Kabla hujampa, kichape. Weka zote mbili kwenye karatasi moja, kubwa. Ile nafasi kati ya 22 na 23 kwenye karatasi itatoka nyeusi, au kijivu kizito kwa ajili ya ukungu. Usiikate.