Kutega ungo mwenyewe: programu ya simu, kipimo cha mshale, au king'amuzi chenyewe?

Bwana_Kizuiani
Wakuu, habari za jioni. Upepo wa juzi umenisogezea ungo. Ni wa sentimita 90, uko kwenye bomba ukutani kwangu Mbagala, natumia Azam. Fundi niliyempigia anataka hela ya kufunga upya kila kitu, wakati waya mzima, LNB (kile kichwa cha mbele kinachopokea mawimbi) nzima, kilichohama ni ungo tu. Jumamosi napanda mwenyewe. Sasa nipo njia panda: nipakue programu ya simu inayoonyesha setilaiti ilipo, niazime kwa jirani kile kipimo kidogo cha mshale kinacholia, au nibebe king'amuzi na runinga ndogo hadi chini ya ungo nisome asilimia kwa macho yangu? Kila mtu mtaani ananiambia lake.

spana_13
Mkuu, hivyo vitu vitatu havifanyi kazi moja. Simu inakuonyesha upande. King'amuzi kinakuambia kama uliyempata ndiye uliyekuwa unamtafuta. Kipimo cha mshale kinajua kitu kimoja tu, mawimbi yapo au hayapo. Ya nani, hakijui.

Na hapo kwenye "ya nani" ndipo watu wa Dar mnapoumia. Azam iko kwenye setilaiti ya Eutelsat, longitudo ya nyuzi 7 mashariki, wakati Dar tuko kwenye 39, ndiyo maana tunaitafuta magharibi. Jirani yake, SES-5, yuko karibu nyuzi 5 mashariki. Ukiwa Dar, ya kwanza unaikuta kwenye kimo (pembe ya kuinua macho kutoka usawa wa ardhi) cha nyuzi 52 hivi, dira nyuzi 281, yaani magharibi ikivutwa kidogo kaskazini. Ya pili kimo 49, dira 280. Dira ni kama ileile, tofauti yote iko kwenye kimo. Kwa hiyo ungo ukiinama nyuzi mbili na nusu tu kuliko inavyotakiwa, mshale unaruka hadi mwisho, kipimo kinalia kama king'ora, unakaza bolti, unashuka, unawasha: hakuna chaneli hata moja. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi za namna hiyo, mwenye nyumba anaapa kwamba signali ipo. Ipo kweli, ya watu wengine.

Ushauri wangu: beba king'amuzi. Kipimo azima ukitaka, ila kiwe msaidizi.

Mzee_wa_Pongwe
Sisi kipimo chetu kilikuwa mtoto dirishani. "Hapohapo! Umepita! Rudisha!" Kasoro yake ni kwamba king'amuzi kinachelewa kidogo kuonyesha, mtoto naye anachelewa kusema, wewe umeshapita. Dawa ni kusogeza ungo kama unene wa kucha, kisha hesabu hadi tano kabla hujasogeza tena.

Lakini mnaanza na vifaa kabla ya bomba. Upepo uliosogeza ungo unaweza kuwa umelaza na bomba. Funga jiwe kwenye uzi, tengeneza timazi, pima bomba mbele na ubavuni. Likiwa limeinama, kila unapouzungusha ungo kulia au kushoto, kimo nacho kinabadilika bila wewe kukigusa. Utazunguka hadi jua lizame.

binti_Chumbageni
Shikamoo Mzee. Mimi nilitumia simu. Ilinielekeza kwenye mwembe wa jirani, nikasema imeharibika. Baadaye nikagundua nilikuwa nimeiegemeza kwenye bomba la chuma, chini ya bati. Nilipokwenda katikati ya uwanja ikasogea upande kabisa. Hadi leo picha inakatika mchana, ila hiyo ni habari nyingine.

Dishi_Langata
Hapa Nairobi mambo ni tofauti, ndiyo maana sikubali kwamba kuna kifaa kimoja cha wote. DStv iko nyuzi 36 mashariki, nasi tuko karibu chini yake kabisa. Kimo ni nyuzi 88, setilaiti iko utosini. Dira ya simu ikikosea nyuzi kumi haikudhuru, ungo unakuwa umejizungusha palepale. Kazi yote ni ya kupandisha na kushusha. Kipimo cha mshale kinatosha kabisa. Dishi la duara, lile lenye LNB katikati, huku linakuwa beseni. Watu wanalitoboa kitundu ili maji ya mvua yatoke.

spana_13
Sahihi kabisa. Hata Dar, DStv iko kimo cha nyuzi 81, ukikosea dira kumi umepotea kama nyuzi moja na nusu tu. Kwa Azam kosa hilohilo linakupoteza nyuzi sita. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nilitumia simu ikakubali" muulize kwanza alikuwa anatafuta nini.

Mkuu Kizuiani, mambo mawili kabla hujapanda. Kwanza, ungo wa yai unatazama chini kuliko setilaiti, nyuzi ishirini na kitu hivi. Usiweke simu kwenye uso wa ungo ukasubiri isome 52. Fuata namba zilizochorwa kwenye kishikio chake. Pili, LNB. Huku kwetu karibu na ikweta, setilaiti iliyo mbali magharibi inataka LNB iwe imelala ubavu, kwa Azam hapo Dar ni kama nyuzi 77 kutoka wima. Watu wanaiona imelala, wanadhani upepo umeizungusha, wanainyoosha. Ndiyo mwisho wa picha. Kama haijalegea, usiiguse.

Ukishapata, soma "ubora", achana na "nguvu". Nguvu inaweza kusimama juu hata ukitazama setilaiti isiyo yako. Zungusha kushoto hadi ubora uanze kuporomoka, weka alama kwa kalamu kwenye bomba. Nenda kulia, weka ya pili. Kaa katikati. Fanya hivyohivyo kwa kimo. Kama ubora umegota juu na hausogei, funika LNB kwa tambara bichi. Maji yanadhoofisha mawimbi, kilele kinaonekana. Halafu kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, ukiangalia namba, kwa sababu bolti nayo inavuta ungo.

Bwana_Kizuiani
Wakuu, mrejesho. Bomba lilikuwa limeinama, Mzee umeniokoa. Nilianza na kipimo cha jirani makusudi nione. Kikalia vizuri sana. King'amuzi: nguvu 80, ubora sifuri! Nikaegemeza ukingo wa juu wa ungo nyuma kama upana wa kidole gumba, ubora ukaruka hadi 64. Kwa zile alama za kalamu na tambara nimefika 77. Usiku mvua imenyesha, picha imeganda mara moja tu ikarudi. Kipimo nimekirudisha.

Mzee_wa_Pongwe
Marahaba, binti Chumbageni. Nimesoma tena ulichoandika, kwamba picha inakatika mchana. Karibu na tarehe 23 Machi na 20 Septemba, kwenye saa tisa alasiri, jua linapita nyuma ya setilaiti ya nyuzi 7 kwa sisi wa Tanga na Dar. Picha inavurugika dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Usipande juu siku hizo, si ungo. Ila fanya kitu kimoja: saa hiyo angalia uso wa ungo wako. Jua likiwa pale, kivuli chochote kinachoangukia ungo ndicho kinachozuia mawimbi mwaka mzima.

binti_Chumbageni
Mzee, sihitaji kusubiri Septemba. Ni mwembe. Majani yakitikiswa na upepo wa mchana ndipo inapokatika. Simu haikukosea sana kumbe. Sasa nisaidieni namna ya kumwanza jirani, maana embe zake ndizo tunazokula sisi.