Bastola ya bei nafuu ya kulinda nyumba

Wakuu, naishi Kasarani, duka langu la M-Pesa limeshikana na nyumba. Juzi wezi wamekata grili ya jirani. Nataka bastola isiyonimaliza mfukoni. Glock 19 au Ceska?

— Ndugu, cheti kwanza, bei baadaye. Bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, hiyo ya bei poa ya mtaani itakupeleka jela ya Kamiti. Glock 19 hubeba risasi 15, sawa, lakini jina nalo unalilipia. Ceska ya milimita 9 inatosha kabisa.

— Na sefu umeipigia hesabu? Watoto hupekua hadi chini ya godoro.

— Sefu ninayo, imefungwa kwa bolti ukutani. Namba anaijua mama watoto, mimi husahau! Risasi za mazoezi je, ni ghali?