Tupeane uzoefu: mfuko ukitoboka, mkono unaanza

Kaptembwo_Juu: Jana jirani kapigwa kwa ajili ya unga wa kilo mbili. Ploti nzima tulisikia, hakuna aliyetoka, hata mimi. Nikakumbuka kwetu: baba akikosa kibarua tulilala na viatu miguuni. Kwenu ilikuwaje?

Nyar_Kibuye: Kwangu ni kinyume. Tulipokuwa hatuna kitu wote wawili hakunigusa. Kiwanda cha miwa kilisimama, mshahara wake wa miezi mingi ukabaki hukohuko. Nikaanza kuuza omena, gorogoro mbili, tatu, mpaka gunia. Nikawa mimi ndiye wa kodi na karo. Hapo ndipo maneno yakaanza: "Siku hizi wewe ndiye bwana?" Nikichelewa ufukweni, naulizwa mvuvi gani kanipa mzigo kwa deni na nimemlipa nini. Jaboya mnaijua, ile ya mwanamke kulipia samaki kwa mwili, ningemjibu nini akaamini? Jumapili iliyopita zamu yangu ya chama ikafika, 18,000. Akaitaka. Nikasema ni ya mzigo. Akaushika mwiko wa ugali. Kitinda mimba wangu akaja katikati yetu na kikombe cha maji: "Baba, kunywa kwanza." Mkono wangu umevunjika. Hospitalini nikasema nimeteleza bafuni.

Mama_Pacha: Woi. Hicho kikombe.

Mkweli_Kakamega: Pole dada. Lakini tusisingizie umaskini. Kuna wenye magari mawili na wanapiga, ni vile tu ukuta wao ni mrefu.

Boda_Rhonda: Nani kasingizia? Wewe hujadaiwa mkopo wa pikipiki na kodi ya nyumba siku moja.

Mkweli_Kakamega: Nimedaiwa. Sijampiga mtu.

Boda_Rhonda: Haya. Mimi nilimsukuma wangu mara moja, siku waliyoichukua pikipiki. Hasira.

Mkweli_Kakamega: Na walioichukua, uliwasukuma?

Jasiaya: Kule Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu pesa bila masharti. Watafiti walikuta kupigwa kumepungua, iwe kapewa mke au mume. Ila kulazimishwa kitandani kulipungua pale tu mke ndiye aliyepewa. Fikirieni hapo.

Mama_Pacha: Dada, pesa iweke kwa mamako.

Kaptembwo_Juu: Asifiche! Akigundua ndiyo vita. Amwonyeshe daftari.

Mama_Pacha: Awe na madaftari mawili 😂

Mkweli_Kakamega: Acheni mchezo. Piga 1195, laini ya msaada kwa wanaodhulumiwa, ni bure. Sheria ya 2015 ya dhuluma za nyumbani inahesabu hata dhuluma ya kiuchumi, si ngumi tu. Nyar Kibuye, P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, ulichukua?

Boda_Rhonda: P3 ya nini na hospitali imeandika bafu?

Mkweli_Kakamega: Arudi aseme ukweli. Si wewe wa kumkatisha tamaa.

Boda_Rhonda: Sijamkatisha. Nikiwa Kisumu nitambebea mzigo bure.

Nyar_Kibuye: P3 bado. Niko kwa dada yangu Ahero na watoto. Ile 18,000 ilikuwa ndani ya sidiria, hakuipata. Kesho nafungua meza. Boda, gunia lina kilo nyingi, usije ukakimbia.