Tupeane uzoefu: matibabu ya saratani ya utumbo yamekwisha, tumbo bado

Mwenye mada, Langoni, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naanza mimi, na yeyote aliyepitia haya aongeze lake, maana tukinyamaza kila mtu ataumia peke yake chumbani.

Nilikatwa puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, huko Mombasa miaka 4 iliyopita, baada ya mionzi na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Miezi kadhaa nilivaa mfuko wa choo tumboni, kisha utumbo ukaunganishwa. Niliporuhusiwa nyumbani niliambiwa nimepona, basi. Sikuambiwa kwamba puru ndiyo ghala la choo; ikishaondolewa, choo hakina pa kungojea. Mwanzoni nilikwenda haja hata mara 12 kwa siku, kidogo kidogo, na ikinishika sina dakika 5. Nilidhani maradhi yamerudi. Muuguzi mmoja, Mungu amjaze heri, ndiye aliyenieleza kuwa wengi waliokatwa hapo hupatwa na hali hii, na kwamba mara nyingi hupungua ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kilichonifaa kuliko vyote ni daftari. Niliandika nilichokula na saa nilizokwenda. Kumbe mbaazi za nazi na mahamri, chakula changu cha asubuhi tangu utotoni, ndivyo vilivyokuwa vikinimaliza. Wali mweupe, samaki wa kuchoma na ndizi mbivu vinatulia. Daktari aliniandikia loperamidi, dawa ya kupunguza kasi ya utumbo, nameza nusu saa kabla ya kula. Siku ya basi sili asubuhi, nameza dawa kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, na kikoi cha pili kimo mkobani. Ngozi ikichubuka nakalia beseni la maji ya uvuguvugu.

Mshona kofia, Mkomani

Wa aleikum salaam. Langu ni vidole. Dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini iliniachia ganzi mikononi na nyayoni. Wakati wa matibabu nilikuwa hata maji ya baridi siwezi kuyashika, yanachoma. Ajabu, ganzi ilizidi miezi miwili mitatu baada ya dozi ya mwisho, nikaambiwa ndivyo dawa hiyo inavyowafanya baadhi ya watu.

Kazi yangu ni kofia za vito. Siku moja niliona tone jekundu juu ya kitambaa cheupe. Nikageuza kidole: sindano imezama, wala sikuisikia. Nililia. Sasa nashona mchana tu, dirishani, subana kwenye vidole viwili, macho yakifanya kazi ya mikono. Nyayo nazikagua kila usiku, kwa sababu ndara iliwahi kunivuka njiani nikafika mlangoni mguu peku bila habari.

Bi wa Malindi

Poleni wanangu. Mimi mfuko ni wa maisha. Uvimbe ulikuwa chini kabisa, msuli wa haja ukaondolewa nao. Kaskazi ikiingia jasho linabandua gundi. Naosha ngozi kwa maji matupu, nakausha mpaka pakauke hasa, sipaki mafuta wala losheni, maana mfuko hautashika. Naumwaga ukifika theluthi, sisubiri ujae ukajivuta kwa uzito.

Kilichonisumbua zaidi ni ibada. Miezi mingi sikusali na wenzangu, nikijiona mchafu. Nikajikaza nikamuuliza shehe. Akaniambia mwenye udhuru hutawadha wakati wa sala ukishaingia, husali, na sala yake ni sahihi. Idi iliyofuata nilikuwa kwenye safu.

Kijana wa Mokowe

Shikamooni. Baba alimaliza mionzi mwaka jana, sasa anaona damu chooni. Anasema ni mionzi tu, tusimsumbue. Tuache?

Mwenye mada

Marahaba mwanangu. Msiache. Ni kweli mionzi huweza kuudhuru utumbo ukatoa damu hata baada ya miaka, lakini damu haikisiwi, mpelekeni akapimwe. Vivyo hivyo akikonda bila sababu, au tumbo likijaa bila choo wala upepo, hilo la pili ni la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kolonoskopia, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, na CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia kama saratani inarudi, asivikose alivyopangiwa. Mimi nilipangiwa kufuatiliwa miaka 5.

Akiona haya kusema mbele yako, mnunulie daftari aende nalo kwa daktari. Na umuulize taratibu kama usiku anaamka kwa haja, na kama anajichafua. Mimi hilo la pili nilikaa nalo mwaka mzima, hata mke wangu hakujua.