Mjadala: Kupinga vita siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani ni haki au ni kukosa heshima?

Wakuu, salaam. Kila ikifika Novemba, mwezi ambao Waingereza huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, mabishano haya hurudi kwenye makundi ya ndugu zetu walioko Uingereza, na majibu huwa ni mawili tu: "acheni kuchafua siku ya watu", au "uhuru wa kusema hauna likizo". Yote mawili mepesi mno. Naweka msimamo wangu mezani mapema ili wanaotaka kunipinga wajue pa kulenga: siku ya taifa si mali ya serikali iliyoko madarakani, na anayepinga vita siku hiyo amekuja kwenye shughuli yake mwenyewe kama raia mwingine yeyote. Cha kubishania ni saa, mahali na namna. Haki yenyewe ya kuwapo naiona haina mjadala.

Kisa ninachokitegemea zaidi ni cha Marekani, Mei 1971. Vita vya Vietnam vinaendelea. Chama cha wanajeshi waliorudi kutoka huko, Vietnam Veterans Against the War, kinapanga maandamano ya siku tatu katika jimbo la Massachusetts, mwisho wa wiki ya Memorial Day, sikukuu ambayo Wamarekani huwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Hata njia waliichagua kwa makusudi. Mwaka 1775 Paul Revere alipanda farasi usiku kutoka upande wa Boston kwenda Lexington kuwaonya watu kwamba jeshi la Mwingereza linakuja. Hawa wakaipita njia hiyo kinyumenyume: waanzie Concord, wapite Lexington, waingie Boston, eti sasa anayeonywa ni taifa lenyewe. Walivaa kombati zao za vitani, wakabeba bunduki za bandia, na njiani wakawa wanaigiza mbele ya watu namna doria yao ilivyokuwa ikiingia kijijini kule Vietnam: kuwakamata raia, kuwasukuma, kuwafokea.

Jumamosi, Mei 29, wakataka kulala Lexington kwenye uwanja wa Battle Green. Hapo ndipo risasi za kwanza za vita vya uhuru wa Marekani zilipolia, Aprili 19, 1775, kwa hiyo kwao ni kama mahali patakatifu. Halmashauri ya mji ikakataa, kwa kuwa sheria ndogo za mji haziruhusu watu kulala pale. Wakalala hivyohivyo. Na si wao peke yao: wenyeji wa Lexington nao walitoka majumbani wakaja kukaa nao uwanjani, mji ukagawanyika katikati, jirani huku na jirani kule. Yapata saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili polisi wakaanza kukamata. Waliokamatwa walikuwa 458, wanajeshi wa zamani na wananchi wa kawaida pamoja. Wakapakiwa kwenye mabasi ya shule wakapelekwa kwenye karakana ya mji, kwenye sakafu ya zege. Mmoja wao alikuwa kijana John Kerry, ambaye mwaka 2004 aligombea urais wa nchi hiyohiyo. Mahakamani walitozwa faini ya dola 5 kila mtu, kisha wakaendelea na safari yao. Jumatatu, siku yenyewe ya sikukuu, walikuwa Boston.

Sasa angalieni kitu kimoja ambacho husahaulika kikisimuliwa kisa hiki. Kwa miaka mingi Memorial Day ilikuwa Mei 30, iangukie siku yoyote. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuihamishia Jumatatu ya mwisho ya Mei ili wananchi wapate mapumziko marefu, na sheria hiyo ilianza kutumika 1971, mwaka uleule. Yaani serikali imesogeza kumbukumbu ya wafu ili watu wapate nafasi ya kwenda ufukweni na kuchoma nyama, na hakuna aliyeitwa msaliti. Vijana waliowabeba wenzao wakiwa maiti wakaja kusema "tusiongeze makaburi mengine", ndio wakaambiwa hawajui heshima. Mimi hapo huwa nacheka kidogo, ingawa si jambo la kuchekesha.

Na anayesema siku hiyo "isiingizwe siasa" arudi nyuma zaidi. Mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za aina hiyo ilifanyika Charleston, South Carolina, Mei 1, 1865. Katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, jeshi la Kusini, upande uliotetea utumwa, lilikuwa limewafungia mateka wa Kaskazini kwenye uwanja wa mbio za farasi, zaidi ya 200 wakafa, wakafukiwa ovyo. Watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani waliwazika upya kwa heshima, wakauzungushia uzio uwanja wa makaburi, kisha wakaandamana kwa maelfu, watoto wa shule wakitangulia huku wakiimba. Mtu aliyekuwa mtumwa anatandaza maua juu ya kaburi la askari aliyepigana upande ulioukomesha utumwa, tena katika mji ambako vita vyenyewe vilianzia. Kama hiyo si siasa, basi siasa ni nini? Siku hizi tunazoambiwa ni "za taifa zima" zilianza na watu waliokuwa na la kusema. Baadaye ndipo zikawekewa gwaride na jukwaa la wageni waalikwa.

Nimesoma michango yenu. Nijibu ile iliyo na uzito. Ya matusi nimeiruka.

Mdau mmoja kaniwekea methali: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Anasema wale wa Lexington walikuwa wafiwa, walipigana, walizika, kwa hiyo walikuwa na kibali. Mwanafunzi asiyejua hata kufunga buti za jeshi hana kibali hicho. Hoja nzuri, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote, maana ni kweli kwamba mji wa Lexington uliwasikiliza kwa sababu ya kombati na vilema vyao. Mwanajeshi akisema vita hivi ni makosa, mtu anasita kumzomea.

Lakini tukiifanya kuwa kanuni, tumemaliza mjadala kabla haujaanza. Vita vya Vietnam viliua Wavietnamu wengi mno kuliko Wamarekani, na sehemu kubwa yao walikuwa raia. Mama wa kijijini kule hakuwahi kupewa kombati wala nishani. Kwa kipimo cha mdau wetu, yeye naye ni "wa mbali". Na mwanafunzi wa mwaka ule wa 1971 hakuwa mtazamaji tu: alikuwa na umri wa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Mtu ambaye jina lake linaweza kuitwa wiki ijayo unamwambiaje kwamba kilio hakimhusu? Wanajeshi wa zamani wasikilizwe kwanza, sawa. Ila kusikilizwa kwanza hakumaanishi wengine wafunge midomo.

Wa pili kaleta London. Novemba 11, 2023 iliangukia Jumamosi, na waandaaji wa maandamano ya kudai vita vya Gaza visitishwe wakaichagua siku hiyo, siku ambayo Waingereza huadhimisha kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1918. Waziri Mkuu Rishi Sunak alisema huo ni uchokozi na ukosefu wa heshima. Waziri wa mambo ya ndani, Suella Braverman, aliyaita "maandamano ya chuki". Mkuu wa polisi wa London, Mark Rowley, alishinikizwa ayapige marufuku, akasema masharti ya kisheria ya kuomba marufuku hayajatimia. Mdau anauliza: hawakuwa na siku nyingine?

Walikuwa nayo. Ila tazama walivyofanya: dakika mbili za ukimya ni saa tano asubuhi, wao waliondoka Hyde Park mchana, ibada kubwa ya kitaifa pale kwenye Cenotaph, mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, ilikuwa kesho yake, Jumapili, na njia yao haikupita Whitehall uliko mnara huo, ilielekea upande wa ubalozi wa Marekani ng'ambo ya mto. Polisi walikadiria watu 300,000. Na vurugu za pale Cenotaph asubuhi ile zilifanywa na nani? Na makundi yaliyosema yamekuja kuulinda mnara! Wakasukumana na polisi ukimya ukikaribia. Jumatatu Braverman akaondolewa kwenye wadhifa wake. Sisemi kila bango la siku ile lilinifurahisha, mengine yalikuwa ya hovyo na polisi waliwatafuta wenye nayo. Nasema siku ya kuadhimisha vita kusimama ni siku ya ajabu sana kumkataza mtu asiombe vita visimame.

Hapohapo, ndugu zangu wa London, nanyi mna lenu la kuuliza siku hiyo. Mnajua Kariakoo ilipata wapi jina: ni "Carrier Corps". Kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, watu waliosombwa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko kubeba risasi na unga wakati wa Vita Kuu hiyohiyo ya Kwanza dhidi ya Mjerumani, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Mtu akisimama Novemba 11 na kibao chenye swali "majina ya wapagazi yako wapi?", naye anaharibu siku? Kwa mantiki ya baadhi yenu, ndiyo. Anachanganya kumbukumbu na lawama. Kwa mantiki yangu, huyo ndiye anayekumbuka vizuri kuliko aliyebandika kifuani kwa mazoea lile ua jekundu la kumbukumbu wanalovaa Waingereza.

Wa tatu kanibana kweli. Kasema: acha Marekani, njoo nyumbani. Desemba 7, 2017 askari wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa walishambuliwa kambini kwao Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo, wakauawa wasiopungua 14. Siku mbili baadaye ilikuwa Desemba 9, siku ya Uhuru. Ungethubutu kusimama na bango siku hiyo?

Kwanza tofauti iwekwe wazi: kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa si sawa na kwenda kuvamia nchi ya watu, na mimi binafsi sikuwa na tatizo na kupelekwa kwao. Lakini nimeulizwa kuhusu haki, si kuhusu maoni yangu. Majeneza yanapopokelewa, hapana. Pale kuna mjane na watoto, na mwenye akili anatoa pole anakaa kimya. Siku ya Uhuru, raia akiuliza kwa sauti vijana hawa walikuwa na silaha za kutosha, walipata msaada kwa muda gani, na watakaa kule mpaka lini, sioni dhambi yake. Ugumu wa kwetu ni kwamba swali hilo lingepokewa kama tusi kwa marehemu, wakati ni swali ambalo marehemu wenyewe wangelitaka liulizwe. Kama angethubutu ni habari nyingine, na wote humu tunajua kwa nini.

Nimebakiza kisa kinachonipa shida mwenyewe. Wellington, New Zealand, Aprili 25, 2007, siku ya Anzac, ambayo wao na Waaustralia hukumbuka askari wao tangu walipotua Gallipoli, Uturuki, vitani mwaka 1915. Ibada yao kuu hufanyika alfajiri, gizani, watu wamesimama na vikongwe wao na nishani za mababu. Kikundi kidogo kilichopinga nchi yao kupeleka majeshi Afghanistan kilisimama ng'ambo ya barabara, kikapuliza honi, na mmoja wao akachoma moto bendera ya taifa wakati ibada ikiendelea. Akatiwa hatiani kwa mwenendo wa kuudhi, faini dola 500 za kwao. Mahakama mbili za rufaa zikashikilia hukumu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaifuta: majaji walisema kuudhi watu peke yake hakutoshi kuwa kosa, lazima kitendo kiguse utulivu wa umma.

Kwangu mimi kile kitendo kilikuwa cha kijinga. Kilimpa kila mpenda vita nafasi ya kuzungumzia bendera badala ya Afghanistan, na yule bibi aliyekuja kumlilia kaka yake hakustahili honi saa ile. London walilikwepa hilo kwa saa chache tu za kusubiri. Hata hivyo nakubaliana na majaji: upuuzi si jinai, na siku tutakayoipa polisi kazi ya kupima heshima, wa kwanza kukamatwa hatakuwa mpiga honi. Atakuwa mwenye swali la wapagazi.

Najua wengi mtakataa hapo. Anayeona ile faini ya Wellington ilistahili aje, ila aje na mpaka anaouona yeye: ni honi, ni bendera, ni saa ya ibada, au ni ile kauli yenyewe ya kupinga vita? Maana wa Lexington hawakupuliza honi wala kuchoma kitu, na bado walilala kwenye sakafu ya karakana.